Wachezaji Huhitimu, Shabiki Hubaki

Jumamosi alasiri Mbotela hugawanyika kwa rangi za jezi. Nyekundu ya Arsenal na nyekundu ya Manchester United hukutana mlangoni mwa ukumbi wa video na kuanza kutaniana kabla mpira haujawekwa katikati. Kijani cha Gor Mahia kinaelekea steji ya Jogoo Road, nao wa AFC Leopards wanapita upande wa pili wa barabara wakijifanya hawajawaona. Humo humo tumo wachache ambao majirani wengi hawazitambui jezi zetu. Sisi ni watu wa Mean Machine, timu ya raga ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wenyewe kwa wenyewe husema "Machine" tu, na aliye ndani ameshaelewa.

Vijana wa mtaa huniuliza swali moja kila wanaponiona nikitoka: "Mzee, kwani ulisoma huko?" Sikusoma huko. Sijawahi kukalia kiti cha ukumbi wa mihadhara wa chuo hicho wala cha chuo kingine. Lakini shabiki wa Arsenal haulizwi kama alizaliwa London. Timu ya chuo ndiyo imezungushiwa ukuta, watu wakadhani ni mali ya waliosoma, sawa na cheti cha kuning'iniza sebuleni. Mimi naona ni kinyume. Mwanafunzi ndiye mpitaji. Anaingia akiwa kijana mdogo, anavaa jezi miaka minne au mitano huku akisomea uhandisi, sheria au udaktari, kisha anahitimu na kwenda zake. Anayebaki ukingoni mwa uwanja ni yule ambaye hakuwahi kusajiliwa, kwa hiyo hana siku ya kuhitimu.

Mimi niliingizwa na kijana wa mstari wetu wa nyumba. Alipata nafasi chuoni wakati ambapo habari ya namna hiyo ilikuwa ya mtaa mzima. Akina mama walileta unga na sukari kwa mama yake, wazee wakaja kumpa mkono, na mwenye duka akafuta deni la familia hiyo bila kuombwa. Muhula haukuisha kabla hatujasikia kwamba anacheza winga. Akaanza kutuchukua sisi watoto kwenda kumtazama, na nauli alilipa mwenyewe kutoka kwenye "boom", zile pesa za mkopo wa serikali ambazo mwanafunzi alikuwa akipewa mkononi. Tulikuwa watoto wa kandanda, wa mpira wa karatasi na kamba. Tuliona mpira wenye umbo la yai, tukaona watu wakubwa wakiurusha nyuma ilhali wanataka kwenda mbele, tukamcheka. Akatueleza kwa subira kwamba katika mchezo huu hakuna njia ya mkato: ukitaka kusonga hatua, lazima kwanza umwamini aliye nyuma yako. Sikumwelewa siku hiyo. Nilielewa pale Machine walipokuwa nyuma na mpira ukapita mikononi mwa watu saba, wanane, mpaka ukamfikia yeye pembeni kabisa, naye akakimbia kana kwamba Mbotela nzima inamfukuza.

Ili ujue kwa nini timu hiyo ilikuwa na uzito kwetu watu wa Eastlands, kumbuka raga ya Kenya ilikuwa ya nani. Nondescripts, Impala na Harlequins zilianzishwa na walowezi enzi za ukoloni, na uwanja wa RFUEA kwenye Ngong Road ulifunguliwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya watu hao hao. Kombe la ligi, Kenya Cup, lilianza kushindaniwa mwaka 1970, na kwa miaka kadhaa klabu hizo za Wazungu ndizo zilizokuwa zikipokezana. Mwaka huo huo wa 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa. Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zikawa kila moja na chuo chake kamili. Miaka saba baadaye, mwaka 1977, wanafunzi wa Nairobi wakaunda Mean Machine, wakajiandikisha kwenye Kenya Cup na kulitwaa kombe katika msimu wao wa kwanza.

Wanafunzi Waafrika, wengi wao watoto wa wakulima na wa wafanyakazi wa reli na wa karakana, walikwenda kwenye viwanja ambavyo baba zao wangeingia tu kama wafyekaji nyasi au wahudumu wa baa, wakashinda na kuondoka na kombe. Mwaka huo huo Mwamba, klabu nyingine ya wachezaji Waafrika, nayo ilizaliwa, na baadaye ikaweka makao yake Railway Club, hatua chache kutoka katikati ya jiji. Ukiniuliza raga ya Kenya ilipata uraia lini, nitakujibu 1977, na nitakuonyesha timu hizo mbili.

Mtaa wetu nao umetokana na historia ya namna hiyo. Jina lake limetoka kwa Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha KAU na diwani wa Nairobi, aliyeuawa Novemba 1952 karibu na soko la Burma, wiki chache baada ya kutangazwa kwa hali ya hatari. Watoto wa siku hizi wakisikia Mbotela humfikiria zaidi Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki Februari 2025. Yeye ndiye aliyeingiza kandanda katika nyumba zetu kupitia redio. Hata ambaye hakuwahi kukanyaga City Stadium aliijua sauti yake ikisema "Kadenge na mpira," na akamwona Joe Kadenge akikatiza mabeki ilhali ameketi kitandani na redio pajani. Leo uwanja huo wa Jogoo Road una jina la Joe Kadenge.

Raga haikupata sauti kama hiyo. Utotoni mwangu sikuwahi kusikia redioni mechi ya raga ikitangazwa kwa Kiswahili. Magazetini iliandikwa kwa Kiingereza, uwanjani ikapigiwa kelele kwa Kiingereza, na nyimbo zake zikaimbwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtu wa Mbotela aliiona raga kuwa mchezo wa watu wa ng'ambo ile ya mji, wa Ngong Road na Parklands. Naamini hiyo ndiyo sababu kubwa ya uchache wetu. Gharama si hoja, kwa maana mechi nyingi za vyuo ni bure au kiingilio chake ni kidogo. Ugumu wa sheria nao si hoja, kwa maana mtu anayeweza kukueleza kuotea kwa kutumia vizibo vya soda hawezi kushindwa na skramu. Ilikosekana sauti ya kuusimulia mchezo huo kwa lugha tunayogombania nayo. Ndiyo maana nikiwa uwanjani huwatangazia walio karibu nami kwa Kiswahili: namba tisa anauchomoa, anampa namba kumi, anapiga teke la juu, winga anaukimbilia, na huyoo! Watu husogea kunisikiliza. Baadhi yao wamerudi tena na tena, na wengine sasa wanajua sheria kunishinda.

Lakini usije ukadhani ushabiki huu ni wa raha tupu. Kushabikia timu ya chuo ni kufiwa kila mwaka. Klabu kama KCB na Kabras, ambazo kwa muda wa muongo mmoja hivi zimekuwa zikipokezana ubingwa wa Kenya Cup, zina uwezo wa kumpa mchezaji kazi au marupurupu. Chuo kinampa chumba cha hosteli na mtihani wa Jumatatu asubuhi. Umemfuata kijana tangu akiwa mgeni wa mwaka wa kwanza asiyejua asimame wapi, umemwona akijifunza kukaba, umemwona akipewa unahodha, na pale anapokomaa kabisa, pale ambapo wewe shabiki ungeanza kuvuna, anapewa kofia na joho. Msimu unaofuata yuko uwanja ule ule katika jezi ya wapinzani. Unamshangilia? Mimi hushangilia, kimyakimya, anapogusa mpira mara ya kwanza. Baada ya hapo nataka akabwe vizuri kama mwingine yeyote.

Zaidi ya hayo, timu ya chuo hufuata kalenda ambayo haikupangwa na watu wa michezo. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, siku ambayo wanajeshi walimlazimisha yule yule Leonard Mambo Mbotela kutangaza redioni kwamba serikali imepinduliwa, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Fikiria timu ambayo wachezaji wake wote wametumwa makwao, huyu Busia, yule Taita. Baadaye chuo kikafungwa ghafla mara kadhaa mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, kwa sababu ya migomo na maandamano, na mara nyingine msimu ulikuwa katikati. Kisha mapema miaka ya 1990 ukaja mpango wa mwanafunzi kujilipia chakula. Kabla ya hapo mwanafunzi alikula katika bwalo la chuo bila kutoa pesa kila mlo. Watu huutaja mpango huo wanapozungumzia siasa za elimu na masharti ya wafadhili. Mimi huutaja ninapozungumzia skramu. Propu ni mtu wa kilo mia na zaidi, na mwili huo haulishwi kwa chai na mkate. Wazee wenzangu wa Machine watakuambia wachezaji wa safu ya mbele walianza kupungua miili mbele ya macho yetu, na tukaanza kusukumwa na timu ambazo awali tulikuwa tukizisukuma. Mwaka 2020 ikaja korona: vyuo vikafungwa mwezi Machi, na msimu wa Kenya Cup ukafutwa bila bingwa.

Kwa hiyo Machine imepanda na kushuka. Imecheza daraja la juu, ikateremka, ikarudi, ikateremka tena. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Blak Blad, wanayajua mateso hayo hayo. Strathmore Leos wamejitahidi zaidi kujiimarisha, na ninasema hivi ingawa moyo haupendi, kwa sababu chuo chao kimewekeza katika makocha na mazoezi kwa muda mrefu bila kuchoka. Catholic Monks wa Lang'ata hukutia hasira kwa ukakamavu wao: unaingia ukijua utashinda, unatoka ukihesabu majeruhi.

Hizo mechi za chuo kwa chuo ndizo zenye utamu. Ratiba ikisema Machine na Blak Blad, mimi huanza kuwa mgumu kuongeleshwa tangu Alhamisi. Makomredi, yaani wanafunzi, wa Kenyatta huja kutoka Kahawa kwa mabasi, wakiimba tangu Thika Road, na wale wa Nairobi huwasubiri kwenye ukingo wa uwanja na ngoma, mitungi ya plastiki na nyimbo zilizobadilishwa maneno asubuhi hiyo hiyo. Nyimbo za makomredi haziandikiki zote gazetini. Lakini zinatungwa kwa akili: mchezaji wa wapinzani akiangusha mpira dakika ya kumi, dakika ya kumi na mbili ameshaingizwa kwenye ubeti, na kozi anayosomea imetajwa. Muuza mayai boilo na smokie anazunguka, hajui nani anaongoza, ila anajua kwamba trai ikifungwa upande wa nyumbani atauza. Refa anapuliza, kelele zinakatika kwa skramu ya kwanza, na unasikia mabega ya watu kumi na sita yakigongana. Sauti hiyo televisheni haijawahi kuileta nyumbani kwa mtu.

Mara moja kwa mwaka, au ratiba ikiruhusu, tunakutana usiku. Impala wana mashindano yao ya chini ya taa, na timu za vyuo zimekuwa sehemu ya mashindano hayo kwa miaka mingi. Baadaye zinakuja raga za wachezaji saba kila upande, zile za mzunguko wa kitaifa: Christie jijini, Prinsloo kule Nakuru, Driftwood Mombasa, Dala Kisumu. Katika mchezo wa saba timu ya chuo hupata nafasi ya kupumua, kwa sababu mbio huhesabika kuliko uzito, na vijana wa miaka ishirini wana mbio. Nimeziona klabu zenye majina makubwa zikipelekwa puta na watoto waliolala watatu chumbani usiku uliotangulia.

Kutoka humo wametoka watu. Humphrey Kayange alisomea kemia Chuo Kikuu cha Nairobi, na sisi mashabiki wa Machine humhesabu kuwa wetu hata kama Mwamba watatukatalia. Aliiongoza Kenya kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga ya saba kule Dubai mwaka 2009, alikuwamo katika kizazi kilichojenga timu iliyoinyuka Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore mnamo Aprili 17, 2016, na mwaka 2021 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Kijana wa kemia. Ninapomwambia mzazi wa Mbotela kwamba raga haitamharibia mtoto masomo, huanza na huyo.

Siongelei raga peke yake, ingawa ndiyo iliyonikamata. Binti yangu hufuata mpira wa vikapu wa wanawake na kunivuta hadi ukumbi wa Nyayo, ambako vyuo vya USIU, Strathmore na Zetech vimewahi kuwatoa jasho watu wazima wenye mishahara. City Park, kwenye mpira wa magongo, utawaona wasichana wa Strathmore Scorpions wakipambana na timu zilizoshinda Afrika. Watazamaji katika mechi hizo mara nyingi ni wazazi, wachezaji wa mechi inayofuata na mimi. Linaniumiza hilo. Huwezi kumwambia msichana wa mtaa wetu kwamba michezo ni njia ya kwenda chuo, kisha umwache acheze mbele ya viti vitupu.

Wenzetu wameshaonyesha namna. Uganda ilianzisha ligi ya kandanda ya vyuo vikuu mwaka 2012, mechi zikachezwa nyumbani na ugenini, ndani ya vyuo vyenyewe. Jioni ya mechi chuo kizima hushuka uwanjani, na majirani wa chuo nao huja, kwa sababu uwanja uko mlangoni mwao. Afrika Kusini, Cape Town na Stellenbosch wamekuwa wakikutana katika raga tangu 1911, na mwaka 2008 wakaanza Varsity Cup, inayochezwa Jumatatu usiku na kuonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Waliiweka Jumatatu wakijua Jumamosi ni ya klabu. Huko Marekani uwanja wa chuo cha Michigan unabeba watu zaidi ya laki moja, na wengi wao hawakusoma hapo. Ni mafundi, wakulima na wauza maduka wa jimbo hilo, waliorithi timu kwa baba zao. Sitaki tuige mabilioni yao. Ninachotaka ni kile kitendo cha fundi kuona kwamba timu ya chuo ni yake.

Kwa Nairobi si kazi kubwa. Ratiba itangazwe mapema na isibadilishwe Ijumaa usiku. Mechi mbili tatu kwa msimu zitolewe chuoni ziletwe Eastlands. Camp Toyoyo pale Jericho kuna uwanja, na wenyeji wake wamezoea kujaa. Mtangazaji mwenye kipaza sauti na Kiswahili kizuri apewe meza na kiti. Watoto wa shule za Jogoo Road waingizwe bure na waruhusiwe kuushika mpira wakati wa mapumziko. Na wanaohusika na michezo vyuoni waandike majina. Hili la majina nalisisitiza kwa sababu nimewahi kuombwa na mchezaji wa zamani nimthibitishie nani alikuwa namba nane katika msimu wake, maana yeye mwenyewe alikuwa amesahau na hakukuwa na kumbukumbu mahali popote. Mimi ninayo, katika madaftari ya shule ya kurasa mia mbili: tarehe, uwanja, kumi na tano walioanza, walioingia, matokeo, hali ya hewa. Sikuanza kwa nia ya kutunza historia. Nilitaka tu kushinda mabishano kwa kinyozi. Sasa wanakuja wanaume wenye mvi, daktari, mwalimu mkuu, mhandisi wa barabara, wanakaa barazani kwangu Mbotela na kutafuta majina yao. Wakiyapata hunyamaza kidogo, kisha wanaanza kubishana kuhusu trai ya nani ilikuwa halali.

Yule winga wa mstari wetu alihitimu, akafanya kazi mbali, akajenga kwao. Akija Nairobi hupiga simu siku moja kabla, naye haulizi habari za siasa wala za bei ya sukari. Anauliza namba kumi na nne wa sasa ni nani na kama anajua kukimbia.

Basi msimu ukianza, njoo. Panda matatu yoyote ya Jogoo Road, shuka mjini, kata katikati hadi University Way, kisha pandisha State House Road kuelekea viwanja vya chuo. Hakuna atakayekuuliza kitambulisho cha mwanafunzi. Njoo na sweta, kwa maana jioni upepo wa huko ni mkali, na pesa kidogo ya mayai. Simama upande wa mstari wa mguso, karibu na nguzo za kaskazini, ambako trai nyingi hufungwa kipindi cha pili. Utasikia mtu akitangaza kwa Kiswahili kwa sauti ya juu kupita kiasi. Ukiona nimekosea jina la mchezaji, nirekebishe papo hapo, nami nitaliandika.